Masaa 20 kwa wiki hayalipi karo ya Uingereza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi, hasa wale ambao saa hii wamekaa kwa ofisi ya ajenti Nairobi ama Mombasa wanaambiwa mtoto akifika Uingereza atajilipia karo mwenyewe na kazi za jioni. Hatajilipia. Hesabu inakataa, na wala si hesabu ngumu, ni vile tu hakuna mtu anaifanya mbele yako kabla hujatoa deposit.

Viza ya mwanafunzi wa digrii inaruhusu masaa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na ukiwa na kazi mbili masaa yote yanajumlishwa, sio 20 huku na 20 kule. Kima cha chini cha mshahara tangu Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 kwenda juu, kwa hivyo wiki ni kama pauni 254. Hapo ajenti anabadilisha chapchap kwa shilingi, anakwambia elfu arobaini na kitu kila wiki, na mzazi akisikia hivyo anaanza kuona lile shamba aliloliuza likirudi. Lakini mtoto halipi kodi ya nyumba kwa shilingi! Kwa mwezi ni kama pauni 1,100 hivi, na serikali ya Uingereza yenyewe kabla ikupe viza inataka uonyeshe zaidi ya pauni 1,170 za kila mwezi za kuishi tu, hiyo ni nje ya London, ukiwa London ni zaidi ya 1,500. Yaani hata upate kila saa unayoruhusiwa, mwaka mzima, usiugue hata siku moja, bado hujafika pale wanapokadiria wao wenyewe kwa chakula na nyumba. Sasa karo ya masters ambayo mara nyingi inapita pauni 15,000 itatoka wapi? Na bado ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ambayo inalipwa hata kabla ya kupanda ndege.

Na hayo masaa 20 kuyapata ni shughuli. Hapa Leicester wengi tunapiga shift za maghala na za kutunza wazee kupitia mawakala wa kazi, kontrakti haiahidi masaa yoyote, unaweza kuamka ukakuta meseji shift imekatwa, na nauli ya wiki ushalipa.

Utasikia pia eti likizo anafanya full time. Kweli, kwa wa digrii ya kwanza. Wa masters ya mwaka mmoja ile miezi ya kiangazi ndiyo ya kuandika tasnifu, na vyuo vinaihesabu ni muda wa masomo, kwa hivyo ni 20 zile zile. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia app nako ni kujiajiri, na viza hii hairuhusu kujiajiri kabisa, ndio maana kuna watu wanakodi akaunti za wenzao alafu wanaishi roho mkononi. Kupitisha masaa pia msijidanganye kwamba hakuna anayeona, kila mshahara unaripotiwa kwa idara ya kodi.

Sisemi watu wasije. Hiyo kazi inalipa chakula, basi, bando, na mtu anapata uzoefu, mimi mwenyewe inanisaidia. Ninachokataa ni kuiweka kwenye bajeti ya karo, alafu Februari familia inaanza kuchangisha kwa WhatsApp juu chuo kimefunga akaunti ya mtoto.

Kuna hii ingine ya baada ya kumaliza. Ajenti wengi bado wanahubiri miaka miwili ya kukaa na kufanya kazi, jambo ambalo limekuwepo tangu Julai 2021, lakini atakayeomba viza hiyo ya baada ya masomo kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapewa miezi 18, ni wa PhD tu watabaki na miaka mitatu. Anayeanza masters Septemba 2026 hawezi kuwa amemaliza kabla ya hapo, kwa hivyo huyo ahesabu miezi 18, na ndani yake atafute mwajiri wa kumdhamini apate viza ya kazi kwa mshahara wa pauni 41,700 kwa mwaka kama kiwango cha kawaida, ingawa wanaoanza kazi wana kiwango cha chini kidogo. Na mke ama watoto hawaji naye, tangu Januari 2024 masters ya kawaida hairuhusu.

Gazeti lenu linabeba matangazo ya "soma ukilipwa". Naomba muwalazimishe waandike masaa, kima cha chini na hiyo miezi 18 hapo hapo chini ya ile picha ya mtoto na kofia ya graduation. Na wewe mzazi, kabla hujatoa pesa, muulize ajenti yeye analipwa na nani. Mara nyingi ni chuo kinampa kamisheni mtoto akishasajiliwa, apate kazi asipate.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza