Minara ya ruzuku ifunguliwe kwa laini zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya simu zinazokatika njiani, hasa barabara ya Dodoma kwenda Kondoa. Mimi ni fundi wa minara mstaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa ndani ya gari lenye simu kadhaa zilizounganishwa na kompyuta, tukipima mawimbi Mayamaya, Chemba, hadi kwenye miinuko ya Kolo.

Simu ikikatika, watu husema hakuna mnara. Mara nyingi mnara upo. Ukiwa unaongea kwenye 2G, simu yako haitulii: karibu mara mbili kila sekunde inapeleka taarifa ya nguvu ya mnara inaoutumia, pamoja na minara jirani isiyozidi sita inayosikika vizuri zaidi. Mtambo mmoja unaosimamia minara mingi ndio unaoamua lini simu ihamishiwe mnara wa mbele. Lakini simu hupima majirani walioandikwa kwenye orodha tu. Mnara mpya ukiwashwa na mtu akasahau kuuandika, simu haiusikilizi kabisa. Unauona kwa macho, taa yake nyekundu inawaka, na simu bado inang'ang'ania mnara wa nyuma mpaka sauti inapotea. Nimeikuta hali hiyo zaidi ya mara moja, na dawa yake ilikuwa kukaa kwenye kompyuta na kurekebisha orodha.

4G imeuondoa ule mtambo wa kati. Minara huwasiliana yenyewe kwa yenyewe na kila mmoja huamua kuhusu simu zinazoutumia. Tena viwango vilivyokamilika mwaka 2008 vinauruhusu mnara kuiagiza simu isome utambulisho wa jirani asiyejulikana, kisha umwongeze kwenye orodha. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi. Huku kwetu inaishia kwenye mpaka wa kampuni.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Muuguzi anamsindikiza mama mjamzito kutoka Kondoa kuja hospitali ya rufaa Dodoma, anaongea na daktari kuhusu damu inayotoka. Mnara wa kampuni yake unaishia nyuma ya kilima. Wa kampuni nyingine uko pale pale, una nguvu, dereva anautumia. Simu ya muuguzi inakatika. Na si kwamba simu yake haiwezi kuupanda mnara ule: akipiga 112, namba ya dharura, itabebwa na mnara wowote unaopatikana, uwe wa kampuni yake au la. Namba ya daktari wa zamu haina haki hiyo. Mgeni mwenye laini ya nje naye huhudumiwa na kampuni yoyote iliyokubaliana na kampuni yake, wakati mwenye laini ya hapa anahangaika kutafuta kichuguu cha kupandia.

Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 vijijini, ambayo kampuni hujenga kwa ruzuku. Nashukuru, na najua kazi iliyomo. Ombi langu ni kwamba kila mnara wa ruzuku ulio peke yake katika eneo lake uwe na sharti la kubeba laini za kampuni zote. Kushirikiana chuma cha mnara tumeshazoea. Ninachodai ni mawimbi yenyewe. Kwa 3G na 4G viwango vinaruhusu mnara mmoja kutangaza mitandao kadhaa kwa pamoja, na njia hiyo ni bora kwa sababu mazungumzo yanaweza kuvuka bila kukatika, mradi majirani wa pande zote wameandikwa. Ukiruhusu tu laini ngeni kuingia, simu itakatika kwanza ndipo itafute mtandao upya.

Kampuni zitauliza nani atalipa. Zinalipana tayari kila mteja wa mtandao mmoja anapompigia wa mtandao mwingine. Hesabu hizo wanazijua. Washindane hapa mjini kwa bei na kasi, palipo na minara ya kila mmoja.

TCRA nayo, mamlaka inayosimamia mawasiliano, inapopima ubora wa huduma, ipime simu za sauti ndani ya gari linalotembea kwenye barabara za kupeleka wagonjwa, kwa laini za kampuni zote kwa wakati mmoja, na itangaze matokeo kipande kwa kipande: Mayamaya hadi Chemba, Chemba hadi Kondoa, Kondoa hadi Kolo.

Fundi minara mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma