Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: angalizo lilitufikia asubuhi, boti ilizama usiku

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka mwaloni. Jina la mwalo siliandiki, wala la wilaya, maana sitaki kesho niitwe kuhojiwa kabla barua haijasomwa. Wewe unapajua. Ni pale ulipovua viatu ukabebewa.

Usiku wa Jumatano iliyopita mtumbwi wangu wa dagaa ulipinduka. Vijana wanne waliokuwemo wamerudi hai. Hili nalisema mwanzoni usije ukadhani naomba mchele wa rambirambi. Waliokolewa na madumu mawili ya petroli, moja tupu, jingine likiwa na lita kama tatu. Waliyang'ang'ania kuanzia saa tisa usiku mpaka jua linachomoza, ndipo boti ya mizigo ikawaona. Mdogo wao kuliko wote mikono ilikuwa imekakamaa, tukambandua vidole kimoja kimoja kwenye mpini wa dumu.

Basi tukiwa bado tunawafunika khanga, simu ya mwenyekiti wetu wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, ikalia. Picha imeingia. Ramani ya Kanda ya Ziwa imepakwa njano na imeandikwa Angalizo, upepo mkali na mawimbi makubwa Ziwa Victoria, ikiwa na saa ilipotolewa: alasiri ya jana yake. Alasiri, Mheshimiwa! Boti zetu zinatoka saa kumi na moja jioni. Wataalamu wa hali ya hewa waliimaliza kazi yao jua likiwa juu, picha ikashuka hadi wilayani kwako, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la watendaji, ikalala humo pamoja na picha za harusi na salamu za Ijumaa njema. Ilipoamka, injini yangu ilishafika chini.

Na hata ingetumwa mapema, ingefunguliwa na nani? Vijana wangu wana simu za kitochi. Ile njano yenu kwao ni kisanduku cheusi kilichoandikwa "ujumbe haukupokelewa".

Najua jibu lako, umeshalitoa redioni: mwelekeo wa msimu ulitangazwa. Ni kweli, na ulitusomea wewe mwenyewe chini ya mwembe. Ukatueleza kwamba wataalamu wa ukanda huu hukutana mara tatu kwa mwaka kupitia ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha ukanda huu, kabla ya miezi ya Machi hadi Mei, ya Juni hadi Septemba na ya Oktoba hadi Desemba, kisha kila nchi inatengeneza utabiri wake. Tukapiga makofi. Ukasoma: joto juu ya wastani, mvua za wastani hadi chini ya wastani, vipindi vya ngurumo za radi katika maeneo machache. Bibi mmoja anayeanika dagaa akauliza, maeneo machache ndiyo yapi, baba? Ukacheka, na waliofuatana nawe wakacheka.

Swali lake lilikuwa zuri. Mwelekeo wa msimu unapimwa kwa miezi mitatu au minne, nami sina ugomvi nao. Unamsaidia mkulima achague mbegu. Mvuvi anauliza habari ya leo usiku, na ya leo usiku ipo: Mwanza kuna rada ya hali ya hewa, na utabiri wa ziwa unatolewa kila siku. Kulikuwa na mradi mzima ulioitwa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, wa kuboresha tahadhari kwa wavuvi na wasafiri wa ziwa hili. Utaalamu si wa kutafuta tena. Kinachokosekana ni hatua mia tatu kutoka barabarani hadi majini.

Joto tumelipata kama mlivyotabiri, ahsanteni. Mwezi huu mchanga unaunguza mpaka tunatandika viroba vilivyoloweshwa ndipo tukanyage kugeuza dagaa. Wanakauka kwa nusu siku, hilo ndilo jema lake pekee. Mwanangu wa darasa la tano anasoma chini ya bati lisilo na dari, na akirudi shati unalikamua. Sudan Kusini mwezi Machi 2024 walifunga shule kwa ajili ya joto. Sisi hatujafika huko, lakini sidhani kama kuna mtu wilayani aliyewahi kuingia kwenye lile darasa saa nane mchana. Ukumbi wenu una kiyoyozi, na mungu wa umeme anawapenda.

Ubaya wa joto lile ni kinachofuata usiku. Wazee wa hapa husema jioni ikiwa na fukuto na jani halitikisiki, ziwa litachafuka. Kijana mmoja wa hali ya hewa aliyewahi kuja kutufundisha alituchorea sababu kwenye mchanga. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unavuma kutoka ziwani na ngurumo zinapiga milimani. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka. Unatoka pande zote za ziwa, unakutana katikati, hewa ya joto yenye unyevu inapanda juu, na mawingu ya radi yanajengeka kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Ndiyo saa zetu za kazi hizo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, wakati wa giza, na mbalamwezi ikitoka tunapumzika. Kwa hiyo unapotuambia "vueni mchana", kama ulivyosema, ni kama kumwambia mwokaji mikate aoke bila moto.

Nami naongeza yangu, ingawa sikusoma: naona ngurumo za miaka hii zina hasira zaidi kwa sababu miti ya visiwani imekwisha kwa mkaa. Labda nakosea. Lakini radi sikosei. Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa sekondari kule Bukombe, mkoani Geita. Novemba 2024 iliua watu kumi na wanne katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda, waliokuwa wamekusanyika kwenye jengo la ibada. Mtumbwini wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nyingi. Huna pa kujibanza.

Sasa nikukumbushe, kwa heshima, ile siku ya mwembe. Ulisema, na tulikuwa watu zaidi ya mia: "Ndani ya siku tisini mwalo huu utakuwa na mlingoti wa bendera za hali ya hewa na kipaza sauti." Ulitaja mpaka rangi. Katikati ya hotuba, pale pale unapoahidi kutuletea tahadhari, mvua ya upepo ikaanguka bila tahadhari, mkutano ukavunjika, ukakimbilia kwenye gari, na mtendaji akaondoka na mwavuli wangu. Siku tisini tulizihesabu, tukahesabu tisini nyingine, tukaacha. Wanasema fedha zilikwenda kwenye semina ya siku mbili kuhusu umuhimu wa tahadhari za mapema. Sina risiti, nasema wanavyosema.

Mimi nilikuwa nahesabu kwa sababu yangu. Mdogo wangu wa mwisho alizama miaka minne iliyopita, usiku wa fukuto kama huu. Hakuonekana. Tulianua matanga bila kaburi, na mama mpaka leo akisikia mtu anakohoa nje usiku anasimama. Watu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama mwaka 1996, wana makaburi pale Igoma na siku yao ya kumbukumbu, na wanastahili. Mtumbwi wa watu wanne hauna siku. Makadirio yanayotajwa kila mara kwa ziwa hili ni vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka, nchi zote tatu. Wengi wanaondoka hivyo, wanne wanne, wawili wawili.

Juu ya hapo nina deni la vikoba, shilingi 1,200,000, nililonunulia injini iliyoko chini. Taa za sola sita zimekwenda. Nyavu zimerudi nusu. Wenzangu wa kikundi wananisalimia kwa upole sana siku hizi, na Jumamosi ndiyo kikao.

Sikuombi injini. Nilianza kuandika niombe majaketi okozi, nikakumbuka yale kumi yaliyoletwa mwaka jana yako stoo, kwa sababu hayajazinduliwa. Nikataka kuomba kipaza sauti, nikakumbuka kitahitaji umeme, na umeme utahitaji kikao. Basi naomba mtu mmoja. Mtu mmoja, Mheshimiwa, mwenye simu inayofungua picha, atakayesimama hapa kabla ya saa kumi na moja jioni aseme leo njano, leo salama. Akichelewa akimbie. Hata awe mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne, tutamchangia soda na dagaa. Mpe tu barua ya utambulisho na umwingize kwenye lile kundi lenu la WhatsApp, picha ziwe zinamfikia ikiwa bado mchana.

Mbalamwezi inaisha wiki hii. Jumanne giza linaanza, na vijana wangu watatu kati ya wanne wameshapata nafasi kwenye boti za watu wengine. Yule wa vidole bado hajasema. Mlingoti nimekata mwenyewe juzi, mkaratusi ulionyooka, umelala nje ya banda langu na shimo limeshachimbwa. Bendera ya njano nitashona kwa khanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama mwenye mtumbwi, mpaka Jumatano

Nakala: Mtendaji wa Kata, pamoja na ombi la mwavuli.