Boga la Kijapani la Kuchemshwa kwa Sosi ya Soya: Barua kwa Rafiki

Sapporo, Japani
Novemba 2024

Rafiki yangu mpendwa,

Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo, na baridi imeshaanza. Katika barua yako uliniuliza Wajapani hulipikaje boga, kwa kuwa watoto wameanza kuchoka kuliona kila mara likija na tui la nazi na iliki. Nimefurahi mno kuulizwa, dada yangu, maana katika vitoweo vyote vya nchi hii hakuna ninachokipenda kuliko hiki. Viungo vyake ni vichache na moto wake ni wa muda mfupi. Kinachokikamilisha ni kule kutulia sufuriani baada ya kuipuliwa, na hilo ndilo ambalo wageni wengi hawalifanyi.

Nianze na boga lenyewe. Huku Hokkaido, ambako ndiko kunakolimwa maboga mengi kuliko mahali pengine popote Japani, lile la kawaida ni dogo, la mviringo uliobanwa kidogo, lenye ganda la kijani iliyokoza na nyama ya manjano iliyo kavu, ambayo ikiiva huwa na chenga kama muhogo mzuri wa kuchemsha. Likishavunwa huwekwa wiki kadhaa kabla ya kuliwa, ili wanga wake upate muda wa kugeuka sukari. Maboga ya kwanza yaliletwa Japani katika karne ya 16 na Wareno, hao hao waliojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, ingawa aina hii kavu ilifika baadaye sana na kulipenda baridi la kaskazini. Maboga yetu ya pwani mengi yana maji zaidi, kwa hiyo ukienda sokoni Darajani chagua lililo zito kwa umbo lake, lenye ganda gumu na kikonyo kilichokauka kabisa, na ukiweza liache nyumbani siku kadhaa mahali pakavu penye hewa.

Pili ni supu ya kuchemshia. Wajapani huita dashi, nayo ni maji mepesi yaliyotolewa ladha ya mwani mkavu uitwao kombu, mara nyingi pamoja na samaki mkavu aliyeparwa mwembamba kama karatasi. Ladha ile nzito ya mwani ndiyo aliyoichunguza Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo mwaka 1908, akabaini kwamba chanzo chake ni glutamati, kemikali ya asili inayokipa chakula ladha nono. Wewe usihangaike kutafuta kombu. Nyumba nyingi za Kijapani hutengeneza dashi kwa dagaa waliochemshwa kisha wakakaushwa, na dagaa wetu wa Unguja huandaliwa kwa njia hiyo hiyo. Chukua konzi moja ya dagaa safi, uwaondoe vichwa na matumbo kwa sababu huko ndiko kuliko na uchungu, uwasuuze vizuri ili chumvi ipungue, kisha uwaloweke katika maji vikombe 2 kwa muda wa nusu saa. Uwachemshe kwa moto mdogo dakika 10 hivi, ukiengua povu, halafu uwachuje. Supu itakayobaki iwe nyepesi na ya kung'aa, isiyo na harufu kali.

Kwa nusu kilo ya boga utahitaji kikombe kimoja kisichojaa cha supu hiyo, sukari vijiko 2 vya chakula, na sosi ya soya kijiko kimoja na nusu. Dagaa wako wakiwa na chumvi nyingi, anza na kijiko kimoja tu. Najua utashtuka kuona sukari na sosi yenye chumvi vikikutana katika sufuria moja, lakini huo ndio msingi wa mapishi ya kuchemsha ya huku, na boga ambalo lina utamu wake wa asili hulipokea jambo hilo vizuri kuliko mboga nyingine yoyote.

Likate boga vipande vya sentimita 4 hivi kila upande, ukiwa umekwangua mbegu na nyuzinyuzi zote kwa kijiko, kwa kuwa zikibaki huufanya mchuzi uwe na ukungu. Ganda usilimenye lote. Parua mabaka machache tu, hapa na pale, ili ladha ipate pa kuingilia na ganda lililobaki lishike kipande kisivunjike. Kisha pitisha kisu kwenye kingo za kila kipande uondoe ile ncha kali. Utaona kama kazi ya bure, lakini vipande hugongana wakati wa kutokota, na ncha ndizo zinazoanza kumeguka na kuufanya mchuzi kuwa uji.

Vipange sufuriani kwa safu moja, ganda likiwa chini, mimina supu isivifunike kabisa, nyunyiza sukari, kisha injika. Sukari hutangulia na sosi ya soya hufuata, na mpishi wa Kijapani haipindui kanuni hiyo, kwa sababu husemwa kwamba sukari huingia polepole na chumvi ikitangulia huizuia njia. Ikishachemka dakika 5, tia sosi ya soya na upunguze moto. Hapo ndipo Wajapani huweka kifuniko cha mti kilicho kidogo kuliko sufuria, kikalala juu ya chakula chenyewe. Mchuzi ukipanda hukigonga na kurudi chini, hivyo kimiminika kichache huvifikia vipande vyote navyo havichezi. Sahani ndogo ya bati itakutosha. Usikoroge hata mara moja. Baada ya dakika 10 hivi choma kwa kijiti, na kikipenya bila kulazimishwa, ipua.

Sasa, dada yangu, tafadhali usipakue. Liache boga humo humo katika mchuzi wake lipoe, nusu saa au zaidi, kwa maana ladha hukolea ndani wakati chakula kinapoa. Boga lililopakuliwa likiwa la moto lina chumvi nje na ndani halina kitu. Lililotulia huwa limekolea mpaka katikati, na mchuzi wake umekuwa mzito wenye kung'aa. Wengi hulipika asubuhi wakalila jioni bila kulipasha moto, na kwa maoni yangu huo ndio utaratibu bora.

Ukikuta maelezo yanayotaja sake na mirin, ujue kwamba vyote viwili ni vileo vya mchele. Viache bila wasiwasi na uongeze sukari kidogo mahali pa mirin. Sosi ya soya nayo ipo yenye alama ya halali, kwa hiyo soma chupa kabla ya kununua.

Mezani huletwa vipande vitatu au vinne tu katika bakuli dogo, ganda la kijani likionekana juu, kando ya wali, supu ya miso (yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa) na samaki wa kuchoma. Si chakula cha kushibisha, hivyo usipike sufuria kubwa kama ya futari. Ifikapo siku fupi kuliko zote za mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba, watu wengi huku hula boga kwa kuamini kwamba litawakinga na maradhi ya majira ya baridi, na baadhi yao hulichanganya na maharage madogo mekundu yaliyochemshwa. Nadhani kunde za kwenu zitafaa kabisa. Zichemshe peke yake mpaka zilainike, ndipo uzitie katika mchuzi pamoja na sosi ya soya.

Niandikie umetumia dagaa wa aina gani na boga lako lilitoa maji kiasi gani, ili nikupimie upya supu ikihitajika. Nisalimie mama na watoto wote.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Sapporo