Galaksi haina mizani

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa hesabu, na wa kulaumiwa ni wewe. Lile swali lako, eti hao wanaosema galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, ina tungamo (wingi wa maada) la Majua mabilioni wameipima kwa mizani gani, limeninyima usingizi siku mbili.

Mizani ni nyota zenyewe. Kinachozunguka kinashikiliwa na uvutano: kikizidisha kasi kinachomoka, kikizembea kinaangukia ndani. Kwa hiyo ukiijua kasi ya nyota, umejua imeshikwa na uzito kiasi gani. Fomula ni fupi, inaenea kiganjani: zidisha kasi kwa kasi, kisha kwa umbali kutoka kitovuni, halafu gawanya kwa G, ile namba ya uvutano. Unachopata ni makadirio ya tungamo la vyote vilivyo ndani ya mzunguko huo.

Nikajaribu kwa Jua letu. Linakizunguka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde, umbali wa miaka ya nuru kama 26,000. Nikapiga hesabu, nikapata Majua 90,000. Elfu tisini, galaksi nzima! Na kishada kimoja tu cha nyota, Omega Centauri, kina nyota mamilioni. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile. Kumbe sikugeuza kilomita kuwa mita, na kwa vile kasi inazidishwa kwa yenyewe, kosa la elfu moja likazaa kosa la milioni. Jibu ni bilioni 90, tena hapo bado hujagusa vilivyo nje ya njia ya Jua.

Sasa utaniuliza kasi inajulikanaje. Hakuna anayekaa kusubiri nyota imalize mzunguko, maana Jua lenyewe huchukua miaka zaidi ya milioni 200. Wanaastronomia wanatawanya nuru ya nyota kama upinde wa mvua na kutafuta alama inayojulikana. Hidrojeni, kwa mfano, ina mstari mwekundu kwenye nanomita 656.3. Chanzo kikikujia, mstari unasogea upande wa bluu. Kikikukimbia, unazidi kwenda upande wa wekundu. Kwa kilomita 220 kwa sekunde msogeo huo ni nusu nanomita hivi, basi.

Chukua Andromeda, galaksi jirani yetu. Ukingo mmoja unatujia kwa kama kilomita 550 kwa sekunde, ule wa pili kwa kama 50. Katikati yake ni 300, ndiyo kasi ya galaksi nzima kuja kwetu. Kinachobaki kila upande, 250, ndicho kuzunguka kwake.

Lakini msogeo wa mstari unakuonyesha kuja na kwenda tu. Galaksi ikitukabili uso kwa uso kama sahani iliyotundikwa ukutani, nyota zake zinapita kushoto na kulia na mstari hautikisiki. Ikiinama nyuzi 30 kutoka hapo, unasoma nusu ya kasi ya kweli, na ukisahau kurekebisha, tungamo linatoka robo. Kwangu mimi kazi yote iko hapo, kwenye pembe. Fomula hata mtoto ataimudu.

Kwa galaksi za duaradufu, zenye umbo kama la yai, mambo ni mengine. Nyota hazifuati njia moja, zinapishana kila upande kama nyuki mzingani, kwa hiyo badala ya kusogea mstari unatanuka. Upana wake ndio unaosomwa, na lazima ukisie nyota nyingi zinakwenda kitovuni na kurudi, au zinazunguka. Ukikisia vibaya, uzito nao unakwenda mrama.

Kilichonikosesha raha zaidi ni hiki. Neptuni iko mbali na Jua mara 78 kuliko Utaridi, na mwendo wake ni kilomita 5 na kitu kwa sekunde dhidi ya 47 na kitu za Utaridi. Ndivyo inavyopaswa, uzito wote ukiwa katikati. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipima mawingu 67 ya gesi yanayozunguka Andromeda, na kufikia 1980, wakiwa na Norbert Thonnard, walikuwa na galaksi nyingine 21. Lakini ukingoni mwa galaksi hizo, nuru inakoishia, kasi haishuki. Weka hilo kwenye fomula yetu: umbali ukiwa mara mbili, tungamo nalo mara mbili, na nyota za kulijazia hazipo. Hicho kinachokosekana wanakiita maada ya giza. Jina silipendi, giza huziba, lakini maada hii, nuru inapita ndani yake kama haipo.

Basi kaa na kalamu uipime Andromeda: kilomita 250 kwa sekunde, miaka ya nuru 50,000 kutoka kitovuni. Niandikie umepata ngapi. Na ugeuze mita, tafadhali.

Wako,
Idi