Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: matunzo ya wazee yapewe fungu lake

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Misungwi, mkoani Mwanza. Nakuandikia wewe na si waziri mwenye dhamana ya wazee, kwa sababu kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wazee wetu husoma risala yao na kujibiwa yaleyale: nia ipo, fedha bado. Kwa hiyo nimeona nije kwa mwenye fedha.

Ombi langu ni moja. Katika bajeti ijayo, matunzo ya wazee wa Tanzania Bara yawe na fungu lake, lisomwe bungeni na fedha zitolewe.

Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Kwa utaratibu uliopo, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure kwenye vituo vya umma. Tunashukuru, na dirisha la wazee tunaliona. Lakini mzee wa msamaha, yaani aliyesamehewa malipo, akishatibiwa, gharama yake anairudisha nani? Kituo kinaishi kwa wanaolipa taslimu na wenye bima, na hizo ndizo hela za kuongezea dawa. Mzee wa msamaha haachi kitu, wala hakuna hundi inayokuja nyuma yake. Kituo chenye wazee wengi ndicho kinachoishiwa mapema, na muuguzi, ambaye simlaumu hata kidogo, anabaki na sentensi moja: "Dawa hiyo hatuna, mkanunue nje." Mama yangu ameambiwa hivyo kuhusu dawa za presha mara nyingi kiasi kwamba siku hizi napita kwanza duka la dawa kuuliza bei, ndipo niende kumwandikisha.

Na hospitali ndiyo sehemu ndogo ya jambo hili. Kazi kubwa iko nyumbani, ambako Serikali haifiki kabisa.

Mama ana miaka 78. Alipata kiharusi, na upande wake wa kulia umepooza. Tuliruhusiwa kutoka wodini tukiwa na karatasi ya dawa na maneno "mkamhudumie nyumbani". Hakuna aliyetuonyesha namna ya kumgeuza bila kumvuta ngozi. Hakuna aliyetuambia kwamba asipoketishwa wima uji utampalia, wala kwamba mgonjwa wa kulala anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama ya kiunoni inaanza kufa. Tuliyajua hayo baada ya kidonda cha kwanza. Kilianza kama wekundu wa kawaida tu, nikapaka mafuta. Wiki iliyofuata kilikuwa kimechimbika, na kukisafisha kwa maji ya chumvi na shashi ikawa kazi ya asubuhi na jioni, mama akiwa ameng'ata kanga asipige kelele watoto wakasikia.

Nilikuwa na genge la mboga na dagaa. Nimelifunga. Dada yangu yuko Geita, anakuja akipata nauli, tunapokezana. Pampasi za watu wazima za siku moja zinamaliza faida yote niliyokuwa napata gengeni, kwa hiyo tunatumia vitambaa vya kanga kuukuu, tunafua na kuanika. Nayaeleza haya kwa sababu ukurasa wa bajeti hauyaonyeshi. Mzee anapolala kitandani, kuna mwanamke mmoja anayetoka kwenye uzalishaji pamoja naye, na mara nyingine ni mjukuu wa kike anayetoka shuleni. Gharama hiyo nchi inailipa tayari, ila inawalipisha wasio nacho.

Nimesikia viongozi wakisema mzee mahali pake ni kwenye familia. Ni kweli kabisa, na sisi tuko nao. Makazi ya wazee ya Serikali, kama Bukumbi hapa kwetu Misungwi, Kolandoto kule Shinyanga na Nunge kule Kigamboni, yanasaidia wasio na mtu, na yatunzwe. Lakini hayawezi kubeba wazee wa nchi yenye watu 61,741,120 kwa hesabu ya Sensa ya 2022. Wazee karibu wote wako majumbani. Kwa hiyo anayeamini kweli kwamba familia ndiyo itunze, fedha azielekeze huko familia iliko.

Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ibara ya 7 nayo inasema masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo ya 11 hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Maana yake mama yangu hana jaji wa kumkimbilia. Anao wewe na Bunge tu, basi.

Zanzibar walishalianza. Aprili 2016 walianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za bajeti yao wenyewe na si za wafadhili. Mvuvi, mkulima na mama muuza mandazi wameingia sawa na aliyestaafu ofisini. Waliandikishwa zaidi ya 21,000 mwanzoni, na kiwango kimeshapanda hadi 50,000. Kenya nao, tangu 2018, wanawalipa wenye miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, ingawa malipo yao yamekuwa yakichelewa, na mzee hawezi kumwambia mwenye duka asubiri miezi miwili. Hilo tulikwepe tangu mwanzo. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tunayo, na imeokoa kaya nyingi, lakini inahesabu kaya maskini. Haimhesabu mzee kama mzee.

Nimejaribu hesabu ya pensheni kama hiyo huku Bara kwa kalamu. Kila wazee milioni 1, kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ni shilingi bilioni 600 kwa mwaka. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49, kwa hiyo hiyo ni kidogo zaidi ya asilimia 1. Mkianza na 20,000 kama walivyoanza wenzetu, ni bilioni 240, haifiki hata nusu ya asilimia. Mkiona ni nyingi, anzeni na miaka 75, kisha mshuke kila mwaka. Wazee hawatakataa kuanza kidogo. Wamechoka kuanza kesho.

Pensheni peke yake haitamgeuza mama kitandani, na hapa ndipo ninapokusihi zaidi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotakiwa kuzidi 137,000 ndani ya miaka mitano. Hawa ndio wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe na kuwatunza wagonjwa wa kulala: kugeuza, kuogesha, kulisha, kuangalia vidonda, mazoezi ya viungo. Wapewe glavu, shashi na dawa ya vidonda, na posho yao isikatike. Mhudumu mmoja angepita kwetu mara moja kwa wiki katika ule mwezi wa kwanza, kidonda kile kisingefika mfupani. Nina hakika na hilo.

Kuhusu dawa, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Tunachoomba ni kwamba fedha za mfuko huo zimfuate mzee hadi kwenye kituo alichotibiwa, ili akifika dirishani asionekane mzigo kwa hesabu za kituo.

Mheshimiwa, mwongozo wa bajeti hutoka miezi mingi kabla ya hotuba ya Juni, na kinachokosa nafasi kwenye ukomo wa wizara, yaani kiwango cha juu cha fedha inachopangiwa, hakirudi tena. Kwa hiyo naomba majibu sasa, kabla ukomo haujapangwa: pensheni ya wazee Bara itaanza mwaka gani wa fedha, na kwa umri upi? Vituo vitarudishiwa gharama za wazee kwa utaratibu gani? Na mhudumu wa ngazi ya jamii atafika lini kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kulala?

Ukiwa na ziara Kanda ya Ziwa, karibu Misungwi. Mama anaongea kwa shida lakini anasikia vizuri, na atapenda ajibiwe yeye mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti anayemuuguza mama yake,
Misungwi, Mwanza