Heri ya Raksha Bandhan, dada na kaka zetu

Kwa majirani zetu Wahindu wa Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Unguja na popote mlipo: heri ya Raksha Bandhan! Mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu umekuwa mpevu, rakhi zimeshafungwa au zinangoja saa njema, na kina kaka ambao mwaka mzima ni wagumu kupokea simu leo wameamka mapema, wameoga, wamekaa wanasubiri kuitwa.

Kwa msomaji asiyeijua siku hii, mambo huenda hivi. Dada hutayarisha sahani yenye taa ndogo ya samli, unga mwekundu wa kumkum, punje za mchele, vitamutamu, na rakhi yenyewe, uzi wa rangi uliopambwa. Humpaka kaka alama nyekundu kwenye paji la uso, hubandika punje mbili tatu za mchele juu yake, huzungusha taa mbele ya uso wake, kisha humfunga uzi mkono wa kulia huku akimwombea uhai na heri. Mwisho humtia ladu au kipande cha barfi mdomoni. Mdomo ukiwa bado umejaa, kaka anatoa bahasha. Desturi haipendi kiasi kinachoishia na sifuri, kwa hiyo ndani utakuta 101, 501 au 1,001. Ile moja ya juu ndiyo baraka yenyewe, ili hesabu isifike mwisho.

Washika mila hawafungi saa yoyote tu. Hutazama kwanza panchang, kalenda yao ya nyakati, wajue kipindi cha Bhadra kinaisha saa ngapi, maana ndani yake rakhi haifungwi. Miaka mingine utakuta nyumba nzima imevaa, chakula kiko tayari, watoto wananyemelea jalebi, na watu wazima macho yote kwenye saa ya ukutani.

Siku hii hufuata mwezi, kama Idd. Ila Idd huzunguka misimu yote, na sikukuu hii ya rakhi haitoki kwenye mvua za India, kwa sababu kila baada ya miaka kama mitatu kalenda ya Wahindu huongezewa mwezi mzima ili isiachane na jua. Ndiyo maana karibu kila mwaka huangukia Agosti. Na hapo watu wa pwani tutege sikio. Mvua hizo huletwa na upepo wetu uleule wa kusi, unaovuka ikweta, ukapinda, ukabeba maji ya bahari hadi Gujarat na Maharashtra. Zamani kusi ikichachamaa, Juni na Julai, majahazi ya kule yalivutwa pwani na bahari ikaachwa peke yake. Mwezi mpevu wa Shravan ndio dalili kwamba imeanza kulegea. Wavuvi wa Kikoli wa pwani ya Mumbai huiita siku hiihii Narali Purnima, mwezi mpevu wa nazi. Hupamba mashua, huteremka ufukweni kwa ngoma, humtupia nazi Varuna, mungu wa bahari, ndipo waingie tena kuvua.

Nazi kwa bahari, uzi kwa kaka, siku moja. Mimi siwezi kuvitenganisha. Mabaharia na wafanyabiashara waliotoka bandari za Gujarat, Mandvi na Porbandar, kuja Unguja na Mombasa walikuwa kaka za watu, na waliowaacha nyuma hawakuwa na simu. Leo ni uzi ndio unaosafiri. Posta ya India kila mwaka huuza bahasha maalumu za rakhi, zisizopenya maji, maana mvua inanyesha. Ukifika ughaibuni, binti wa nyumba humfunga mjomba au baba mdogo kwa niaba ya dada aliyeutuma, naye dada anaangalia kwenye video akisema, "Kaza kidogo, hapo utadondoka."

Niseme na jambo ambalo kwenye kadi halimo. Mwaka 2005 sheria ya urithi ya Wahindu nchini India ilirekebishwa, binti akapewa haki sawa na kaka zake katika mali ya ukoo tangu kuzaliwa. Lakini Rajasthan bado kuna desturi ya haq tyag, dada kutia saini kwamba ameachia fungu lake, na wengi hutia wakihofia mlango wa kaka usije ukafungwa. Tusijifanye hapa kwetu hatuijui habari hii, mirathi imetugombanisha vya kutosha. Basi kina kaka, sikukuu njema, lakini bahasha ya 501 ni zawadi, si bei ya shamba.

Uzi huu haujawahi kuwa wa kaka wa tumbo moja tu. Wamarwari, watu wenye asili ya Rajasthan, humfunga wifi naye rakhi yake, lumba, inayoning'inia kwenye bangili. Nyumba zisizo na mtoto wa kiume, mabinti hufungana wenyewe kwa wenyewe. Na Waingereza walipoigawa Bengal tarehe 16 Oktoba 1905, mshairi Rabindranath Tagore aliwaita Wahindu na Waislamu wa Kolkata wafungane rakhi. Haukuwa mwezi wa Shravan, wala hakuna aliyejali. Ugawaji ule ulifutwa mwaka 1911.

Kwa dada ambaye mwaka huu mkono aliozoea kuufunga haupo tena, pole sana, tunakukumbuka. Kwa waliokosana tangu mwaka jana, simu ni dakika mbili. Kwa kaka mwenye dada watano, Mungu akuzidishie, mfukoni na mkononi.

Na nyinyi majirani wa ngazi za juu, sahani ya ladu mliyotuletea tumeipokea. Hairudi tupu. Kaimati ziko jikoni, zikishapoa kidogo tunapanda.