Simu zote zina kamera, ila nani anakwambia picha yako mbovu?

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti nalisoma pale pale kwa muuza magazeti nikisubiri wateja, unisamehe silinunui kila siku. Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu huu wa barua kuna msomaji kaandika kwamba siku hizi kila mtu ana simu kwahiyo kupiga picha sio kazi tena, hakuna cha kujifunza, na hawa wanaokaa kwenye vikundi vya picha wanapoteza muda. Sitaki kugombana nae. Nataka nimsimulie tu yaliyonikuta mimi.

Nina kibanda Ngamiani hapa Tanga, napiga pasipoti saizi, natoa fotokopi, na wikiendi nafuata maharusi, hasa singo na kicheni pati maana huko mpiga picha mwanaume hakanyagi, mama zetu hawataki mchezo. Kamera nimeshika mwaka wa tisa huu. Na niwe mkweli, miaka saba ya mwanzo nilikuwa napiga picha moja, nabadilisha watu tu. Bi harusi shika maua, geuka kidogo, cheka, haya anayefuata. Kila nikiona kazi haipandi nalaumu kamera, nikapokea mchezo wangu wa upatu nikanunua bodi mpya ya kamera, baadae lenzi, baadae flashi mbili, na picha zikabaki zile zile, ila sasa ubovu wake unaonekana vizuri zaidi.

Aliyenivuta kwenye klabu ya wapiga picha ni binti mmoja wa chuo aliyekuja kutoa fotokopi. Tuko kama kumi na tano hivi, kuna mwalimu wa sekondari, kuna kijana wa bajaji anayepiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kuna mafundi picha wenzangu, na kuna mzee mmoja aliyekuwa na studio enzi za mikanda ya filamu. Tunakutana Jumanne jioni. Jumamosi haiwezekani sote tuko kwenye maharusi, ukimuona mpiga picha yuko huru Jumamosi ujue mambo yake magumu.

Utaratibu wake sasa. Unakuja na picha moja, iliyochapishwa, saizi ya A4, hawataki kwenye simu maana kwenye simu kila picha ni nzuri. Unaiweka mezani afu unanyamaza. Mwenye picha haruhusiwi kusema neno mpaka wote wamalize, wala usianze eti mwanga ulikuwa mdogo, wala eti watu walinisukuma. Mi siku ya kwanza nikapeleka ile ninayoiona ndio kiboko yangu, bi harusi kwenye ngazi na shela limemwagika mpaka chini, wateja wote hiyo ndio nawaonyesha. Nikakaa nikisubiri sifa. Kijana wa bajaji akaikodolea akasema, "Samahani dada, hii fimbo inamtoka sikioni?" Nikaangalia. Fimbo ya pazia kweli imetoka sikio moja imeingia ukutani, na hiyo picha nimeitundika kibandani miaka miwili sijawahi kuiona! Nilitaka ardhi inimeze. Afu mzee nae taratibu kabisa akauliza, "Bibi harusi huyu ni mweupe hivi kweli?"

Hakuwa mweupe hivyo. Nilimtoa mweupe mwenyewe kwenye programu ya kurekebisha picha, kama ninavyofanya kwa wote, maana picha zikitoka kwenye kamera zinakuwa na shela zuri na uso giza, ukinyanyua uso unakuwa wa majivu, basi unamalizia kwa kumpaka weupe na mteja anafurahi. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo.

Jumanne iliyofuata mzee akafanya darsa juu ya hilo tu, saa nzima, na hiyo saa moja imenifaa kuliko flashi zangu zote mbili. Anasema mita ya kamera, kile kipima mwanga cha ndani, haijui shela wala suti wala mtoto wa nani. Yenyewe inajua mwanga tu, na imetengenezwa iamini kwamba chochote unachoielekezea, kwa wastani, ni kijivu cha katikati. Ukiijazia shela jeupe inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza, shela linaanza kuwa kijivu na uso unazama. Ukiijazia suti nyeusi inasema hapa giza, inaongeza, suti inapauka na shati la bwana harusi linaungua kwa weupe. Kwahiyo kwenye harusi zetu, mtu mweusi ndani ya nguo nyeupe, ukiiachia kamera iamue umeshapotea. Pimia uso, sio nguo, na kama mtu ni mweusi wa kukolea punguza mwanga kidogo maana hapo tena kamera itataka kumpausha. Afu mtoe kwenye taa ya juu ya dari, mpeleke dirishani. Akamkalisha yule binti wa chuo dirishani, akapiga tatu, ya tatu akatuonyesha. Ngozi ilikuwa na kahawia yenye wekundu kwa chini, kama chai ya rangi iliyokolea tangawizi. Hakuna programu iliyoguswa pale.

Na akatueleza jambo lililonikera mpaka leo. Enzi za filamu, Kodak, kampuni ya kutengeneza filamu, walikuwa wanazipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mfano, ina dada wa kizungu, wakaziita kadi za Shirley, fundi analinganisha rangi mpaka ngozi ya yule dada ikae sawa, basi, wengine mtajijua. Miaka na miaka. Na miongoni mwa vitu vilivyowasukuma kurekebisha zile rangi za kahawia ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha za mbao. Yani kabati lilisikilizwa. Mzee anasema wao studio walikuwa wanapambana kivyao, kila fundi na ujanja wake, na ujanja huo haujaandikwa popote.

Hapo ndipo msomaji wako anaposema hakuna cha kujifunza.

Zoezi lililoninyoosha kabisa ni lile la mkanda mmoja. Unapewa picha 36, kama mkanda wa zamani, kioo cha nyuma cha kamera unakibandika plasta usione ulichopiga, na unakaa sehemu moja masaa mawili hauhami. Mi nikapangiwa mwalo wa Deep Sea asubuhi. Nikafika na haraka zangu za harusini, dakika kumi nimeshamaliza picha 20, mashua, ndoo, watu, tena watu. Mvuvi mmoja akanigeukia, "We dada, unatupiga unaenda kutuuza wapi?" Sikuwa na jibu. Nikashusha kamera nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na kaka mmoja anayepara samaki, nikamuuliza bei ya changu, tukaongea habari za bahari kuchafuka, za watoto, za ada. Lisaa likapita. Akanisahau na mimi nikaanza kuona. Kisu chake kimeliwa na tupa mpaka kimebaki upana wa kidole. Anashika mkia, anavuta kisu kwenda kichwani, fyaa fyaa, na magamba yanaruka yanamganda mkononi kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, hayafuti, jua la saa moja na nusu limelala likiyapiga kwa ubavu. Miaka yote napiga magauni ya ving'aro ya kicheni pati, sijawahi kuona gauni likang'aa kama ule mkono. Nikamuomba ruhusa. Akasema piga bana si mkono tu. Ilikuwa picha ya 31.

Mezani wakagombana nusu saa. Mwalimu anasema uso uko wapi, mtu hana uso? Binti anasema uso ungeharibu. Mzee akasema angesogea kulia hatua moja ile ndoo ya bluu ingetoka. Mi kimya, nimeng'ata ulimi, na nakwambia mhariri kukaa kimya watu wakibishana juu ya kitu ulichotengeneza ni shule ngumu. Mpaka leo sijajua nani alikuwa sahihi ila kuhusu ndoo mzee alikuwa sahihi.

Kazi yangu imebadilika hata kwenye pasipoti. Zamani ukuta wa bluu, kaa, pap, elfu tatu. Sasa mteja namgeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, nasubiri ashushe mabega. Kuna bibi mmoja alikuja kupiga ya fomu ya benki, akaishika akaiangalia muda, akasema "leo umenitoa mimi." Akaagiza na kubwa ya kuweka ukutani.

Sasa ninaloliomba, maana barua za kulalamika tu sizipendi. La kwanza, hawa wazee wa studio waitwe waongee sasa hivi wakiwa hai. Zanzibar wanayo Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, mwanawe Rohit akaiendeleza, kwahiyo Unguja ya zamani unaweza kuiona kwa macho. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari, kakulia Dar, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963 pale pale Dar, ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na 1991 akapoteza mkono kwenye mlipuko Addis Ababa akarudi kazini na mkono wa bandia, akaja kufa 1996 kwenye ile ndege iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Hao wanajulikana, vizuri. Ila kila mji wetu ulikuwa na watu wa studio ambao hakuna anayewataja. Mzee wetu siku moja alituletea debe la mikanda yake, alipofungua kifuniko ikatoka harufu ya siki tukakunja pua. Akasema mkanda ukinuka siki ndio unakufa huo, na joto na unyevu wa pwani unauharakisha. Maharusi, maulidi, timu za mpira, watu wa bandarini, vyote viko kwenye debe la biskuti. Binti wa chuo anaipiga mmoja mmoja juu ya karatasi nyeupe yenye taa kwa chini, kafika kama mia nne, na mzee anakaa pembeni anataja majina ya waliomo. Jina asilolikumbuka wiki hii hatalikumbuka tena.

La pili ni ukumbi. Tulikuwa na chumba kwenye jengo moja la umma, silitaji, tukaambiwa elfu themanini kwa masaa mawili, tukachanga tukalipa, wiki ya tatu tumefika na picha zetu kwapani tunaambiwa kuna kikao, rudini wiki ijayo, na hela haikurudi. Jioni yale majengo yamelala tu na mlinzi na paka. Kwasasa tunakaa kwenye baraza ya duka la mwenzetu, mvua ikinyesha tunazibeba picha kifuani tunakimbilia ndani kati ya magunia ya mchele. Wenye funguo wakisoma hapa, masaa mawili kwa wiki hayatawafilisi, na taa tutalipia sisi.

Yule msomaji wako nae mwambie karibu, sina kinyongo nae. Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni. Aje na picha moja kutoka kwenye simu yake hiyo hiyo, aichapishe A4, aiweke mezani, na asiongee mpaka tumalize.

Fundi picha wa kike,
Ngamiani, Tanga